Kaseti mpya, mashine ya zamani: soma dalili kabla mashine haijaungua

Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1983, Mega Drive ya Sega ikafuata mwaka 1988, na mpaka leo wapo watu wanaoandika gemu mpya za mashine hizo na kuzitoa kwenye kaseti. Wengi ni mtu mmoja au kikundi kidogo kinachofanya kazi usiku baada ya ajira ya mchana. Micro Mages ya mwaka 2019, kwa mfano, imeenea yote ndani ya kilobaiti 40, na inachezeka na watu wanne. Hapa Kigoma kaseti hizi zinafika kama vitu vingine vinavyofika: ndugu aliye nje anatuma, kifurushi kinashuka na basi kutoka Dar, au kijana wa Ujiji anashusha faili la gemu intaneti na kulichoma, yaani kuliandika, mwenyewe kwenye chipu. Mashine inayozipokea mara nyingi ni ile tuliyokua nayo kwa jina la TV gemu, yaani nakala ya Famicom yenye sloti ya pini 60. Mara chache ni NES halisi ya pini 72, yaani Famicom iliyouzwa nje ya Japani, au Sega.

Naandika kwa yule ambaye tayari ana mashine mezani na kaseti mkononi, na kuna kitu hakiendi sawa. Nataka jambo moja lishikwe mapema, kwa sababu ndilo linaloua mashine nyingi: kaseti kuonyesha picha hakuthibitishi kwamba iko salama. Ipo kaseti inayocheza vizuri kwa muda mrefu huku ikiichosha mashine kidogo kidogo. Na kaseti unaweza kuagiza nyingine, lakini Famicom au Mega Drive halisi hakuna kiwanda kinachoitengeneza tena.

Utahitaji mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ndogo ya sokoni Mwanga, bisibisi, pamba, spiriti na taa nzuri. Kioo cha kukuzia kitakusaidia kusoma maandishi ya chipu.

Anza na adapta, hata kama una uhakika nayo

Sijui kwa nini adapta inaaminiwa kuliko kitu kingine chochote. Kaseti inalaumiwa, mashine inafunguliwa, na adapta haijaguswa. Famicom halisi inataka volti 10 za mkondo mnyoofu (DC), na hasi iko katikati ya plagi. Adapta ya NES ya Marekani inatoa volti 9 za mkondo geu (AC), kwa sababu NES ina dayodi za kuunyoosha ndani yake. Ukiichukua adapta hiyo ukaichomeka kwenye Famicom, ambayo haina dayodi hizo, umeme unaingia mbele na nyuma na chipu zinakufa palepale. Ongeza kwamba adapta ya Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni ya volti 120, wakati ukutani kwetu kuna 230. Mtu akikuletea mashine yenye adapta yake ya asili kutoka huko, usiichomeke moja kwa moja.

Nakala za Famicom zina vurugu zaidi. Za zamani nyingi zinataka volti 9 na ndani kuna regyuleta ya 7805 inayoshusha mpaka 5. Baadhi ya mpya hazina regyuleta kabisa, zinategemea chaja ya volti 5. Ukiweka 9 kwenye hiyo, volti 9 zinafika mpaka kwenye kaseti. Kwa hiyo fungua mashine uangalie kama 7805 ipo. Ina miguu mitatu, na mara nyingi imefungwa kwenye kipande cha bati.

Ukipima adapta ya zamani ya transfoma nzito ikiwa haijachomekwa kwenye mashine, utaona 12 au hata 14 wakati imeandikwa 9. Usishtuke, adapta za aina hiyo hushuka zikibeba mzigo. Kinachohesabika ni usomaji mashine ikiwa imewashwa, kwenye mguu wa kutokea wa 7805: uwe kati ya 4.8 na 5.2. Ukipata 4.5, regyuleta imechoka au adapta haina nguvu, na gemu itazingua hata kaseti ikiwa nzima. Ukipata 6 au zaidi, zima. Usiweke kaseti yoyote humo mpaka regyuleta ibadilishwe.

Na anayetumia adapta ya volti 12 kwa sababu "inafanya kazi" apige hesabu. Mashine ikila nusu ampia, kwa adapta ya volti 9 regyuleta inageuza wati 2 kuwa joto. Kwa volti 12 zinakuwa wati 3.5. Kwenye banda la gemu ambalo mashine haizimwi toka asubuhi mpaka usiku, joto hilo linakausha kapasita na kuilegeza lehemu.

Ukichomeka kaseti taa inazimika au inafifia

Hii ni dalili ya shoti, au ya kaseti inayovuta umeme kupita kiasi. Zima mara moja. Usijaribu tena "kuona kama itashika", kwa sababu kila jaribio linapitisha mkondo mkubwa kwenye regyuleta.

Toa kaseti, washa mashine tupu. Taa ikiwaka vizuri, tatizo liko kwenye kaseti. Ifungue, weka mita kwenye ohmu na upime kati ya chanya na hasi. Kama chipu ni ile ndefu ya miguu 32, chanya ni mguu wa 32 na hasi ni wa 16. Ya miguu 28, chanya ni 28 na hasi ni 14. Kaseti nzima itaonyesha maelfu ya ohmu, au namba itakayopanda taratibu kapasita ikijaa. Ukisoma ohmu chache tu, kuna shoti. Angalia kwanza matone ya lehemu yaliyounganisha miguu miwili, hasa kwa kaseti zilizochomelewa kwa mkono. Kisha angalia kapasita ndogo iliyo karibu na chipu, kwani ikipasuka huwa inaunganisha chanya na hasi. Mwisho chipu yenyewe, kama iliwekwa kichwa chini. Chipu ina kijinafasi upande mmoja na bodi ina alama kama hiyo, na viwili hivyo lazima vilingane.

Usichomeke bodi tupu isiyo na ganda. Ganda ndilo linaloilazimisha iingie upande sahihi na kukaa katikati. Bodi tupu inaweza kuingia kinyume, au ikasogea pini moja, na volti 5 zikaingia kwenye njia ya data.

Inacheza, lakini baada ya muda inaganda, herufi zinavurugika, au kaseti inatoka ya moto

Hapa nitakaa zaidi. Mashine hizi za zamani zinaongea kwa volti 5. Chipu za kumbukumbu za volti 5 zinazidi kuadimika, ila za volti 3.3 zimejaa kila mahali na ni rahisi. Mtengenezaji anayebana gharama anachukua chipu ya 3.3 na kuiweka kwenye bodi ya kaseti bila kitu chochote katikati. Gemu inawaka, anauza.

Chipu hizo zimepangwa kufanya kazi kati ya volti 2.7 na 3.6, na kikomo chake cha juu kabisa kwa kawaida ni 4. Kuilisha 5 ni kuivusha mpaka wake kila sekunde mashine inapowaka. Wengine wanaweka regyuleta ndogo ya AMS1117 au dayodi mbili mfululizo ili kushusha umeme unaoilisha chipu. Hiyo ni nusu ya dawa. Njia za anwani na data, zile ambazo mashine inaulizia na kujibiwa na chipu, bado zinatoka kwenye mashine zikiwa na volti 5, zinaingia kwenye chipu inayolishwa 3.3, na umeme wa ziada unapita kwenye dayodi za ulinzi zilizo ndani ya chipu. Mkondo huo nani anausukuma? Ni mashine yako, kupitia miguu ya prosesa ambayo haikupangwa kubeba mzigo huo. Ndiyo maana kaseti inapata joto, na ndiyo maana siku moja mashine inagoma hata kwa kaseti zake za zamani.

Upande wa pili nao una shida. Chipu zinaongea kwa sifuri na moja, na chipu ya 3.3 ikijibu, "moja" yake haizidi volti 3.3. Chipu za mashine zinazopokea kwa kiwango cha ishara kinachoitwa TTL zinaridhika na volti 2, kwa hiyo zinasoma sawa. Zile za aina nyingine, CMOS, zinazolishwa 5 zinahitaji kama 3.5 ndipo zikubali kuwa ni moja. Jibu la 3.3 linaangukia katikati, likisomwa vizuri sasa hivi na vibaya baadaye mashine ikishapata joto. Hapo ndipo unapata herufi zilizovurugika na gemu kuganda mahali tofauti kila mara. Ikiganda mahali palepale siku zote, shuku gemu yenyewe au faili lililochomwa vibaya. Ikiganda popote, shuku umeme, joto au mgusano.

Namna ya kujua ni kufungua ganda na kusoma chipu. Juzi kijana wa Katubuka alinipa kaseti akiwa na wasiwasi: "Fundi, hii inachemka, lakini jamaa aliyeniuzia kasema ni kawaida." Ndani kulikuwa na chipu pana yenye miguu myembamba kama nywele, imeandikwa 29LV160, na pembeni yake dayodi mbili. Hakukuwa na kingine. Herufi LV ndizo zinazosema volti ndogo. Chipu yenye 29F katikati ya jina lake ni ya volti 5, na yenye 29LV ni ya 3. Vivyo hivyo 39SF, kama 39SF040, ni ya volti 5, lakini 39VF na 39LF ni za 3. Chipu za 27C, zikiwemo zile za zamani zenye kidirisha cha kioo, ni za volti 5. Herufi hizo mbili tatu zinastahili kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kwa kila fundi anayepokea kaseti.

Kaseti yenye chipu ya 3.3 si lazima iwe mbaya. Anayejua kazi anaweka chipu za kati zinazopokea volti 5 upande mmoja na kuongea 3.3 upande wa pili. Utaziona zikiwa na miguu 20 au 48, na majina kama 74LVC245 au 74ALVC164245. Ukiona 29LV, regyuleta, na chipu hizo za kati, mwenye bodi alijali mashine yako. Ukiona safu ya rezista ndogo kwenye njia za data na anwani, alijaribu kupunguza mkondo, na ni afadhali kuliko kutoweka kitu. Ukiona 29LV peke yake au na dayodi tu, kama ile ya kijana wa Katubuka, itoe na usiirudishe. Kama chipu imefunikwa kwa tone jeusi la gundi huwezi kusoma kitu, na kwa kaseti ya namna hiyo mimi sikubali iingie kwenye mashine halisi.

Taa inawaka, skrini ni rangi moja tu au ina vipande vipande

Mara nyingi ni mgusano. Unyevu wa ziwa na vumbi jekundu la kiangazi vinafanya kazi yao kwenye sloti. Safisha meno ya kaseti kwa pamba yenye spiriti, subiri yakauke, rudia mpaka pamba itoke safi. Kupuliza kwa mdomo kunaacha mate, na mate yanaleta kutu. Raba ya penseli itumie kwa kaseti za zamani tu, tena kwa mkono mwepesi. Kaseti nyingi mpya zina dhahabu nyembamba mno, ukisugua kwa raba unaifikia shaba.

Kwenye NES halisi, taa nyekundu ikiwaka na kuzima kama mara moja kwa sekunde, chipu ya ulinzi ya mashine haijapata jibu kutoka kwa mwenzake wa kwenye kaseti. Safisha kwanza. Ikiendelea, angalia kama kaseti mpya ina chipu hiyo. Wengi wanaweka chipu ndogo ya miguu 8 iliyoandikwa programu ya kuiga ile ya asili. Baadhi ya kaseti za zamani zisizo na leseni zilikwepa ulinzi kwa kuipiga chipu hiyo kwa mshtuko wa umeme. Njia hiyo usiikubali kwenye kaseti mpya. Famicom na nakala zake hazina chipu ya ulinzi, kwa hiyo kwenye TV gemu sahau habari hii yote.

Kaseti mpya inacheza, za zamani zimeanza kugoma

Watu hushangaa, kwa sababu wanaangalia kaseti inayogoma badala ya ile iliyosababisha. Bodi ya kaseti ya asili ya NES ina unene wa takribani milimita 1.2. Bodi ya kawaida inayotoka viwandani ni milimita 1.6. Bodi nene inapanua pini za sloti, na ikitoka pini hazirudi zote. Kaseti ya zamani ikiingia inakuta nafasi. Pima kwa kipimo cha fundi wa vyuma kama unacho, au zilaze kaseti mbili ubavu kwa ubavu na uziangalie kwa makini.

Pitisha kidole kwenye ukingo wa meno. Bodi nzuri imechongwa mshazari ili iteleze ndani. Yenye kona kali inakwangua pini kila inapoingia. Na meno yenye rangi ya fedha inayong'aa kama lehemu yamepakwa bati badala ya dhahabu. Bati ni laini, linabaki kwenye pini za sloti na kushika uchafu.

Pini zilizopanuka zinaweza kurudishwa moja moja kwa sindano nene, mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Ni kazi ya subira, na pini ikikatika hakuna kurudi nyuma. Kwa NES sloti nzima ya pini 72 inauzwa na kubadilishwa.

Muziki umebadilika au sehemu ya skrini inatikisika

Gemu nyingi mpya zinaandikwa kwa mashine ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Japani na Marekani, inayochora picha 60 kwa sekunde. Nakala zetu nyingi ni za mfumo wa PAL, picha 50. Muziki unavuta, mstari wa alama unatikisika. Pia nakala nyingi za Famicom zina kasoro inayobadilishana aina mbili za sauti, kwa hiyo filimbi inasikika nzito kuliko ilivyokusudiwa. Hakuna kilichoharibika, usifungue kitu. Waandishi wengi siku hizi wanaandika gemu inayotambua aina ya mashine, muulize kabla ya kununua.

Gemu haihifadhi ulipofikia

Betri ya CR2032 iliyo ndani ya kaseti inatakiwa isome karibu volti 3. Ikishuka chini ya 2.5, ibadilishe. Usiilehemu betri yenyewe, kwa sababu joto linaweza kuipasua usoni kwako. Nunua yenye masikio ya bati, au weka kishikio. Betri iliyotolewa usiiache mezani penye watoto. Mtoto akimeza, inaanza kuunguza koo ndani ya saa mbili, na hapo ni kukimbia hospitali bila kusubiri kuona kama itatoka yenyewe.

Kaseti nyingine hazina betri, zinaandika kwenye chipu yenyewe. Hizo zinaogopa umeme kukatika katikati ya kuhifadhi. Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na sote tunajua umeme ukirudi unavyorudi kwa kishindo. Ukikatika, zima mashine na uchomoe adapta ukutani, kisha subiri umeme utulie ndipo urudishe.

Kama tayari umenunua kaseti mbaya

Tenga nakala moja ya bei ndogo iwe ya majaribio, na kila kaseti mpya ianzie humo. Weka fyuzi ya ampia 1 kwenye waya wa adapta yake. Cheza nusu saa, zima, fungua, gusa chipu kwa kidole. Uvuguvugu ni sawa. Kama kidole hakivumilii, kaseti hiyo imeshindwa.

Gemu yenyewe haijapotea. Waandishi wengi wanauza pia faili, na faili hilo linachezeka kwenye kompyuta au simu bila kuhatarisha kitu. Anayetaka kaseti anaweza, kwa ruhusa ya mwandishi, kulichoma faili kwenye 39SF040 na kuiweka kwenye bodi ya volti 5. Kijana wa Katubuka alimwandikia muuzaji akiwa na picha ya bodi na namba ya chipu. Ukimwandikia wako, muulize mambo matatu: chipu ni ya volti ngapi, kati yake na mashine kuna nini, na bodi ina unene gani. Asiyeweza kujibu la kwanza, usimpe hela.